Mwito wa Tatu

Jumatatu saa nne asubuhi Raya Faki alimwita nyangumi kwa jina lake, na nyangumi akaja.

Hakuja kwa bahati wala kwa kupotea njia. Alikuwa maili saba kusini ya boya la kituo, akijiendea zake, akasikia sauti nne fupi kutoka kwenye spika iliyoning'inizwa chini ya maji, akageuka. Baada ya saa moja na nusu alitoa kichwa mbele ya kamera, mtoto wake ubavuni, akawa anazungukazunguka pale kama mgeni aliyekaribishwa uani akakuta hakuna mtu.

Katika kituo cha Ras Kigomasha, ncha ya kaskazini ya Pemba, watu sita waliokuwa mbele ya kioo cha kompyuta walilia. Bi Shuwea Hamad, mkuu wa kampeni, ambaye hakutoa chozi hata siku alipotiwa ndani kwa kujifunga kwenye nanga ya meli, alijifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Tumeshinda," alisema. "Mwenye jina hachinjwi."

Raya alicheka na wenzake. Yeye ndiye fundi wa sauti, na ndiye aliyekaa miaka kumi na mmoja mbele ya mashine waliyoiita kiitio, akiilisha milio ya baharini mpaka ikatambua jambo ambalo hakuna aliyelitarajia: kila nyangumi mama humpa mtoto wake sauti nne, na kwa sauti hizo wenzake watamwita yeye, si mwingine, maisha yake yote. Majina mia nne na kumi na mawili Raya alikuwa nayo. Huyu aliyekuja siku ile alikuwa amempa na jina la kibinadamu, Kidawa, kwa sababu ya madaha yake.

Jambo moja hakulifikiria, na hakulifikiria mtu yeyote katika wale sita, wasomi wote na vyeti vyao ukutani. Bahari haina mlango. Ukiita humo, husikia kila mwenye sikio.

*

Meli ya wawindaji ilikuwa imetia nanga nje kidogo ya mpaka tangu mwezi uliopita. Raya na rika lake walikulia wakiziona meli hizo, nyeupe na safi, hata damu huwezi kuiona. Mafuta ya nyangumi yalitiwa kwenye dawa ya viungo, na matajiri wa dunia nzima walikuwa wamezeeka na magoti yao. Lakini nyangumi si wajinga. Walishaujua mlio wa injini zile, na wakiusikia huzama wakapotea. Msimu huo meli ilikuwa haijapata hata mmoja. Watu wa kampeni walikuwa wakinong'onezana kwa furaha kwamba ubaya utakufa wenyewe kwa njaa.

Jumanne, baada ya sala ya adhuhuri, Raya alivaa hedifoni zake akasikia sauti nne. Lilikuwa jina la Kidawa. Alitabasamu, akidhani ni nyangumi mwenzake anayemtafuta. Jina likaja mara ya pili, na kwenye sauti ya tatu akasikia mkwaruzo.

Mkwaruzo ule aliujua kama anavyoujua mlango wa kwao. Spika ya boya ilikuwa na ufa, na ikifika sauti ya tatu lazima ikwaruze. Alikuwa ameagiza nyingine tangu Ramadhani. Lakini boya lilikuwa limezimwa, na sauti ilikuwa ikitoka upande wa meli.

 Wameturekodi, aliwaza. Walikaa kimya jana, wakasikiliza, wakarekodi. Kwenye kioo, nukta ya Kidawa ilikuwa imekwisha kugeuka.

"Usiende," alisema, peke yake chumbani, kwa Kiswahili, akimwambia mnyama aliye maili tisa. Aliliwasha boya ili amwite aje huku, ndipo akatambua kwamba hana la kumwambia ila lilelile wanalomwambia wao. Aliita. Meli ikaita. Aliita tena. Kidawa alisita katikati, kisha akafuata sauti iliyo karibu.

Vyusa vya siku hizi, mikuki ile ya kufyatuliwa, havina kishindo. Ulisikika mfyatuko mdogo, kama wa kizibo, halafu ikaja sauti ya Kidawa ambayo kiitio hakikuwa na tafsiri yake. Ilidumu dakika nne. Mashine ilirekodi yote, maana ndivyo Raya mwenyewe alivyoifundisha. Ilipokwisha, mtoto akaanza kumwita mama yake.

*

"Kura ya marufuku ni Ijumaa," Bi Shuwea alisema jioni ileile. Alikuwa amesimama dirishani na mgongo wake tu ndio uliokuwa ukionekana. "Na orodha ya majina lazima iingie Baraza Ijumaa asubuhi. Yote."

Raya alilijua Baraza la Nyangumi na kanuni zake. Ushahidi usioweza kupimwa na upande wa pili haupokelewi. Kuiweka orodha mezani ni kuipa kampuni ya wawindaji majina mia nne na kumi na mawili, sauti kwa sauti. Na hata kura ikishinda, marufuku ingeanza baada ya siku sitini, ili meli zipate nafasi ya kurudi bandarini. Hiyo ndiyo heshima wanayopeana wakubwa.

"Siku sitini, Bi Shuwea. Na majina yote mkononi. Hawatakuwa na haja ya kuwinda. Watakaa sitahani waite mmoja mmoja."

"Na tusipoiweka?"

Raya aligeukia kioo.

"Tusipoiweka tumeshindwa kwa kura kumi, nimezihesabu. Leseni zitatolewa kwa miaka ishirini mingine. Na ujuzi wa kuita wameshaupata, mwanangu. Jana tumewafunza sisi." Bi Shuwea aligeuka, na Raya akaona kwamba bibi huyu anaogopa, na jambo hilo lilimtisha kuliko meli. "Orodha umeifunga kwa neno lako la siri, na mimi sitakulazimisha. Lakini nikikupigia simu kulitaka, uwe umeamua."

*

Jumatano mchana Raya alikwenda kwao Konde, kwa mama yake, kwa kuwa hakuweza tena kukaa katika chumba kile akimsikia yule mtoto.

Bi Mize, mama yake, alikuwa na ada moja iliyowachosha majirani wote. Ukimwita mara moja haitikii. Ukimwita mara ya pili anainua kichwa tu. Mara ya tatu ndipo anapojibu "Labeka," kwa sauti ya upole kabisa, na wewe umeshachemka. Alilelewa hivyo: anayekuita mara moja bila kumwona huenda si mtu, na ukimwitikia umempa njia. Lakini ada ilikuwa na nusu yake ya pili, na Bi Mize aliishika kwa nguvu hiyohiyo. Aliye hai akikuita mara tatu, huna budi kumwitikia. Usipoitika umemkana.

Walikuwa jikoni, mama anakaanga samaki, Raya juu ya mbuzi anakuna nazi, mikono yote miwili imejaa machicha. Simu iliyokuwa juu ya kinu ikalia, ikajipokea yenyewe.

"Raya, mwanangu." Ilikuwa sauti ya Bi Shuwea, na uchovu wake, na ule mkoromo wa kifua aliorudi nao kutoka mahabusu. "Nipe lile neno la kufungulia. Wajumbe wananingoja."

Raya alifungua kinywa. Neno lenyewe lilikuwa limefika ulimini. Mama yake alimshika mkono kwa kiganja kilichojaa unga wa kukaangia, akatikisa kichwa.

"Mama, ni Bi Shuwea."

"Nyamaza we. Kaita mara moja."

Mafuta yaliendelea kuchemka.

"Raya, mwanangu," simu ilisema. "Nipe lile neno la kufungulia. Wajumbe wananingoja."

Ulikuwa mkoromo uleule, mahali palepale, kabla ya neno "wajumbe".  Raya alingoja, na hakuwa tena akingoja kwa sababu ya ada.

"Raya, mwanangu. Nipe lile neno la kufungulia. Wajumbe wananingoja."

Bi Mize alikata simu kwa kidole kidogo, akarudi kwenye karai lake.  "Huyo si Shuwea. Shuwea nimesoma naye chuoni. Ukimnyamazia mara ya pili anakutukania ukoo mzima. Mtu mwenye roho, ukimnyamazia, hubadilika. Ataita kwa nguvu, ataita kwa hasira, atalivuta jina mpaka likatike. Hicho kimeita mara tatu na hakikuchoka."

Raya aliinuka pale alipo, nazi ikabaki nusu. Kwa miaka thelathini Bi Shuwea alikuwa akisema redioni. Sauti yake wawindaji walikuwa nayo ya kutosha, kama walivyokuwa nayo ya Kidawa. Na yeye, fundi wa sauti, alibakiza pumzi moja tu kuigeukia sauti ya kuigiza, kama alivyogeuka nyangumi wake.

Kisha akaganda. Alikuwa na milio ya miaka kumi na mmoja kichwani. Nyangumi naye hatamki jina mara mbili namna moja. Asipoitikiwa huivuta sauti ya mwisho, huishusha ya kwanza, mtoto huipandisha mpaka ikaparama kama koo kavu. Kiitio kiliwahi kumsumbua miezi kwa ajili hiyo hiyo, kikisema hili si lile, na yeye akawa anakifundisha kupuuza tofauti.

"Mama," alisema. "Mtoto anafundishwaje ada hii?"

Bi Mize alifikiri. "Kwa kutishwa," alijibu. "Njia nyingine siijui."

*

"Hapana," Bi Shuwea alisema, Bi Shuwea wa kweli, kituoni, baada ya kutukana ukoo wa Raya kwa kutompokelea simu njia nzima. "Sema tena, polepole."

Raya alisema tena. Walikuwa na maboya thelathini na moja kutoka Pemba hadi Mafia. Kwa kila nyangumi wangeita jina lake mara tatu, sauti ileile isiyobadilika. Mara ya tatu ikiisha, wangempigia zile dakika nne za Kidawa. Baada ya saa moja wangeita tena, sasa kwa namna tatu tofauti kama aitavyo aliye hai, na baada yake wasipige chochote. Wangerudia hivyo mpaka Ijumaa asubuhi.

"Unataka kuwatia hofu ya majina yao."

"Hofu ya mwito uliokufa, Bi. Si wa aliye hai."

"Na wakishindwa kutenganisha?"

Raya alikuwa amelitazama swali hilo tangu Konde, njia nzima, na halikuwa limepungua ukubwa. "Wakishindwa hawataitikiana tena. Mama ataita, mtoto atakimbia."

Bi Shuwea aliketi. "Nimepigania hawa nusu ya umri wangu wasiuawe," alisema. "Sikupigania waishi wakiogopana. Jina la mtu, Raya, ni kitu cha kwanza alichopewa na mama yake. Wewe unataka kulitia sumu."

"Kidawa alikuja kwa sababu hakuna aliyemtia hofu."

"Kidawa alikuja kwa sababu sisi tulimwita."

Ilikuwa kweli, na haikuwa na dawa. Maji yalikwisha kumwagika. Raya alisema hajui kama itafaa, na kwamba anaogopa, na kwamba iwapo Bi Shuwea atasema hapana atalifuta neno la siri na orodha haitafunguka kwa mtu yeyote, si Baraza wala kampuni.  Mwishowe Bi Shuwea alisema, "Anza na yule mtoto. Akijifunza yeye, na wengine watajifunza."

"Kwa sauti ya mama yake?"

"Una nyingine?"

Raya hakuwa na nyingine. Alifanya kazi ile jioni ile na Alhamisi nzima, kwanza kwa mtoto, kisha kwa wengine waliokuwa karibu na maboya, na kila ukelele wa Kidawa ulipotoka yeye aliusikiliza mpaka mwisho, hakuvua hedifoni hata mara moja. Aliona kwamba angalau hilo anadaiwa. Mtoto wa Kidawa, ambaye alikuwa hajampa jina la kibinadamu, mara ya kwanza alikimbilia boya, akidhani amempata mama yake. Mara ya pili pia. Mara ya tano alisimama mbali. Mara ya saba, mwito mfu ulipofika mara ya pili, aligeuka akazama.

Lakini walipomwita kwa ule mwito ulio hai, alizama vilevile. Alhamisi jioni bado alizama. 

*

Ijumaa saa tatu asubuhi Bi Shuwea alimpigia simu kutoka ofisini kwake kituoni. Aliita mara moja, Raya akanyamaza. Aliita ya pili kwa ukali. Ya tatu alimwita mtoto wa mbwa asiye na adabu, na Raya akasema labeka, akampa neno.

Saa nane kura ilipita. Walishinda kwa tatu. Redio ya kituo ilipiga vigelegele vya watu wa mji wa mbali, na mle chumbani wale sita walikumbatiana, ila Raya, aliyekuwa na hedifoni masikioni. Siku sitini zilikuwa zimeanza, na meli haikungoja hata saa moja.

Jina la kwanza lilitoka baharini saa nane na nusu. Lilikuwa la nyangumi jike mzee aliyekuwa kusini ya Misali. Kwenye kioo nukta yake iligeuka kuelekea meli, na Raya akajiuma mkono. Jina likaja tena, sawasawa na la kwanza. Nukta ikasimama. Jina likaja mara ya tatu, na nukta ikazimika, maana mzee alikuwa amezama kina ambacho masikio ya maboya hayakifikii. Meli ikaita mwingine. Wa pili akazama. Wa tatu hakungoja hata mwito wa pili. Meli iliita majina kumi na tisa mpaka alasiri, na baharini hakuitika mtu.

Nyuma yake watu walikuwa wakilia kwa furaha. Raya alijua kwamba katika meli ile kuna fundi kama yeye, ameketi kama yeye, na siku moja katika hizi sitini huenda akajiuliza kwa nini. Huenda naye ana mama. Lakini si hilo lililomfanya awe ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Alikuwa akisubiri kujua kama wanyama hawa wamekimbia mwito mfu tu, au wameikimbia miito yote. Kwa saa mbili hakusikia nyangumi hata mmoja akimwita mwenzake. Bahari ilikuwa kimya namna ambayo hakupata kuisikia kwa miaka kumi na mmoja.

Saa kumi na nusu jike mzee aliibuka upande wa Misali, akatoa sauti nne. Aliita jina la binti yake, taratibu. Hakuitikiwa. Akaita tena, akashusha sauti ya kwanza. Hakuitikiwa. Raya alifumba macho. Mzee akaita mara ya tatu, akalivuta jina mpaka likakaribia kukatika, na kutoka mbali, kwa woga, binti akaitika.

Raya alilia hapo, kwa sauti, na Bi Shuwea akaja akamshika mabega. Walikuwa wamejifunza. Wamejifunza na kungoja mara tatu.

Ndipo likaja jina la Kidawa.

Halikuwa na mkwaruzo. Lilikuwa jembamba, limeparama mwishoni. Mtoto alikuwa maili mbili tu kutoka boya la kituo, peke yake, akimwita mama yake. Hakuna aliyeitika. Aliita mara ya pili, akipandisha, na Bi Shuwea alipoisikia kwenye spika ya ukutani mikono yake ilitoka kwenye mabega ya Raya.

Sauti ya Kidawa ilikuwa ndani ya kiitio, safi, miaka tisa ya kurekodi. Raya angeweza kuifanya iitike, na kuitika namna iliyo hai, yenye kubadilika. Kidole chake kilikuwa tayari juu ya kitufe, na hakukumbuka kukipeleka pale. Angeitika, mtoto angekuja. Angelala karibu na boya usiku wa leo akidhani ana mama. Na kesho angemwendea yeyote aliyejifunza kumwitikia vizuri.

Mtoto aliita mara ya tatu. Aliita kwa hasira, kama mtoto yeyote aliyenyamaziwa.

Raya alikitoa kidole kwenye kitufe, akaiweka mikono yake mapajani, na hakuitika.